Nyuma ya Goli la Juu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize. Ninachokueleza hakikumpata shemeji wa rafiki yangu, wala sikukisikia kilabuni. Kilinipata mimi mwenyewe, saa nne asubuhi, nikiwa nimekunywa chai na mihogo na si kitu kingine. Na kama bado una wasiwasi, pita dukani kwangu Karatu utazame vidole viwili vya mkono wangu wa kulia. Sivifichi.

Mimi sijasoma. Niliishia darasa la tatu huko kwetu Rombo. Nilikuja Karatu kijana, nikiwa na jeki ya kuazima na pampu ya mguu, nikawa naziba pancha kando ya barabara, enzi hizo barabara yenyewe ni vumbi mpaka Makuyuni. Leo nina duka la tairi, nina kompresa mbili, nina pikapu, na magari ya watalii yanapanga foleni kwangu kabla hayajapanda kreta ya Ngorongoro. Hakuna aliyenipa. Najivuna? Ndiyo, najivuna, kuna kosa gani? Lakini nakuambia haya ili ujue kwamba mimi si mtu wa kuona mauzauza. Nikisema tairi limekwisha, limekwisha.

Sasa, kisa chenyewe kinaanzia kwenye simu.

Tuna grupu letu la simu, wazee wa mpira wa Karatu. Lina miaka mingi, tangu simu hizi za kioo zilipoanza kushika huku kwetu. Mwenye grupu ni Tluway, mkulima wa ngano na maharage kule Mbulumbulu, Mwiraqw mrefu mwenye ulimi mkali. Humo hatuzungumzi mpira wa sasa. Tunazungumza mpira wetu, wa timu yetu ya Faru ambayo ilishakufa zamani. Nani alifunga, nani alipiga kona, refa gani alikuwa mwizi. Na tunagombana, weweee! Kuna watu wawili humo hawajasalimiana mwaka wa nne kwa sababu ya kadi nyekundu ambayo mmoja anasema ilitoka na mwingine anasema haikutoka. Wamezikiana ndugu bila kushikana mikono.

Kwa sababu ya magomvi hayo Tluway aliweka sheria moja. Kabla hujaeleza mechi yoyote, useme kwanza ulisimama wapi. Nyuma ya goli la juu, nyuma ya goli la chini, upande wa barabara, upande wa mti wa refa. Kiwanja chetu cha zamani kilikuwa na mteremko, ndiyo maana goli moja tuliliita la juu na jingine la chini. Usiposema uliposimama, maneno yako yanafutwa. Na hakuna kumsemea mwenzako. Kila mtu anajisemea mwenyewe alisimama wapi. Ukianza hadithi tu, Tluway anakukata: "Sema ulisimama wapi, Mangi, acha kuzunguka kama unauza duka."

Mangi ndiyo mimi. Wachaga wote huku tunaitwa hivyo.

Ipo mechi moja ambayo ndiyo mama wa mechi zote. Faru walicheza na timu kutoka mjini Arusha. Sare tu ingetutosha kupanda daraja. Ikabaki dakika kama mbili, ukungu ukashuka kutoka msituni, ukafunika nusu ya kiwanja, goli la juu likawa halionekani. Refa hakusimamisha. Wageni wakapiga mpira mrefu ndani ya ukungu huo, watu wakasikia kelele, mpira umo. Moja bila. Faru haikuinuka tena mpaka ilipovunjika.

Kipa alikuwa Koinet, Mmasai wa Endulen aliyekuwa anakaa Karatu. Alikuwa na mikono kama matawi. Baada ya mechi yakaanza maneno kwamba Koinet ameuza. Kwamba mpira ulipokuja alisogea pembeni akaupisha. Nani aliona? Ukungu ulikuwa umefunika, nani aliona?

Mimi. Mimi ndiye niliyeona.

Kwa miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa shahidi. Nilisimama nyuma ya goli la juu, nilikuwa nimeshika nyavu kwa mikono miwili hivi, vidole vimepita kwenye matundu, na nilimwona Koinet kwa macho yangu akivuta hatua ya kushoto na kuuacha mpira upite. Nilieleza hivyo vijiweni, nilieleza hivyo kwenye grupu, kila mwaka, na kila mwaka naongeza chumvi kidogo. Na shahidi wangu alikuwa Aminieli, fundi seremala, rafiki yangu wa kanisani. Alikuwa akisema, "Kweli kabisa, nilikuwa ubavuni kwake Mangi, tulishika nyavu pamoja." Baada ya Aminieli wakaja wengine wakasema na wao walikuwepo. Nyuma ya goli la juu pakajaa watu. Aminieli alifariki mwaka juzi. Tulimzika vizuri, na grupu lilichanga jeneza. Namba yake hatukuitoa, binti yake akaibakiza humo kwa heshima ya baba.

Mwezi mmoja kabla ya mambo haya kunipata, Tluway akamwunga Koinet kwenye grupu. Alikuwa amepata simu, akawa anapanda kilima fulani Endulen ambako mtandao unashika. Hakuandika. Alituma sauti yake, sauti ya mzee, taratibu.

"Mimi Koinet. Nilisimama golini. Sasa nauliza huyu Mangi, ulisimama wapi?"

Nikajibu kwa kujiamini. Nyuma ya goli la juu. Nimeshika nyavu.

Robo saa ikapita. Halafu sauti yake tena: "Siku ile goli la juu halikuwa na nyavu. Zilichanika wiki moja kabla, zikapelekwa kushonwa Mbulu, hazikurudi. Tulicheza bila nyavu. Muulizeni mtu yeyote aliyecheza. Mangi, mimi ni mzee. Nataka jina langu nikiwa hai. Sema ulisimama wapi."

Ndugu yangu unayesoma, hapo ndipo ningesema ukweli. Hapo hapo. Kwani ingenigharimu nini? Badala yake nilifanya nini? Nilimtukana. Niliandika kwamba muuza mechi anauza mpaka nyavu. Watu wakacheka, wakaweka vile vipicha vya kutoa machozi ya kicheko. Mmoja akasema arudi kwa ng'ombe wake. Koinet akauliza tena, na tena, maneno yale yale, mpaka nikampigia Tluway nikamwambia, ama mimi ama yeye. Tluway aliguna. Alisema, "Mangi, hili la nyavu mimi naona lina kitu." Lakini mimi ndiye niliyefadhili jezi za wajukuu zake, akamtoa. Ikatokea kwenye simu pale: Koinet ametolewa.

Nilikwenda kulala nimeshiba.

Wiki moja baadaye mteja wangu mmoja wa Endulen akanipigia. Gari lake limelala, anataka tairi mbili. Kijana wangu wa dukani alikuwa na ruhusa, nikasema nitapeleka mwenyewe. Nilipita geti la hifadhi mapema, nikapanda ule mlima wa msituni. Ilikuwa Julai, na wewe kama unapajua huku unajua Julai ukingo wa kreta unakuwaje. Ukungu mzito, taa za gari zinarudi usoni kwako. Unaendesha kwa kunusa. Nilipita watalii wamesimama pale wanapopigia picha, wanapiga picha ya weupe mtupu, nikawacheka. Nikakata kuelekea njia ya Endulen. Gari la mwisho kupishana nalo lilikuwa la maziwa. Baada ya hapo, mimi peke yangu.

Nikaona mstari.

Mstari mweupe, umekatiza barabara kutoka upande mmoja mpaka mwingine, juu ya udongo mwekundu. Nikashika breki. Si rangi, si chokaa. Majivu. Enzi zetu hatukuwa na chokaa, mistari ya kiwanja tulichora kwa majivu ya jikoni, akina mama walituwekea kwenye debe. Majivu yale yalikuwa makavu. Ardhi yote imelowa, majani yanadondosha maji, na majivu makavu kama yamemwagwa sasa hivi.

Nikajiuliza, nani anachora majivu Ngorongoro?

Huku hairuhusiwi kushuka garini ovyo. Kuna nyati. Najua, na kila siku nawaonya madereva. Lakini nilishuka. Nikaacha mlango wazi na injini inaunguruma. Niliinama nikagusa yale majivu, yalikuwa ya moto. Mstari ulitoka barabarani ukaingia kwenye nyasi. Nikaufuata hatua tatu, nne, kuona unakwenda wapi. Nilipogeuka, gari halipo. Sikusikia injini. Ukungu tu.

Halafu nikasikia watu.

Niamini. Watu wengi, kama mia kadhaa, mbali kidogo, ule mvumo wa uwanjani unaopanda na kushuka. Filimbi. Mtu anaita jina. Mwanamke anapiga kigelegele halafu anakatisha katikati. Mimi nimepita njia ile tangu nikiwa na nywele nyeusi, hapana kiwanja pale, hapana shule, hapana hata boma. Ni mteremko na miti ya msituni, basi. Nikataka kurudi, lakini rudi wapi? Kila upande ulikuwa mweupe sawasawa. Mstari wa majivu ndiyo kitu pekee nilichokiona, nikaushika.

Ukanifikisha kwenye mlingoti.

Mlingoti wa goli, wa mti, umepakwa rangi nyeupe mpaka nusu, kama ule ule wa kiwanja chetu cha zamani. Nilipaona hata pale vijana walipochonga herufi za majina yao kwa kisu. Na nyuma ya goli walikuwa wamesimama watu, mstari mmoja, bega kwa bega, wamenipa mgongo. Makoti yaliyolowa. Harufu ya ugoro, na kondoo waliolowa, na udongo. Wote walikuwa wameinua mikono mbele ya vifua vyao, vidole vimekunjwa kama kulabu, wameshika. Wameshika nini? Hakuna kitu. Goli lilikuwa tupu, miti mitatu na hewa. Wameshika nyavu ambazo hazipo.

Katikati yao palikuwa na pengo la mtu mmoja.

Wa kushoto wa pengo akageuza shingo taratibu. Alikuwa Aminieli. Alikuwa amevaa ile suti ya kahawia tuliyomzika nayo, na kwenye kola kulikuwa na vumbi la mbao. Uso wake haukuwa wa kutisha, nataka nikueleze vizuri. Hakuwa na meno marefu wala macho ya moto. Alikuwa amechoka tu. Sijawahi kuona mtu aliyechoka hivyo. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko kitu chochote.

"Mangi," akasema. "Umechelewa. Nafasi yako nimekushikia."

Nikasema, "Aminieli, wewe tulikuzika."

"Ndiyo. Sogea, watakuja wengine."

Mimi sikusogea. Nakuapia sikuinua mguu. Lakini nilijikuta kwenye pengo, bega langu limebanwa na la Aminieli, na lilikuwa la baridi kama chuma cha rimu asubuhi. Mikono yangu ikapanda yenyewe. Vidole vikajikunja vyenyewe. Na hapo, niamini ama usiniamini, nilizihisi nyavu. Macho hayaoni kitu, lakini vidole vimeshika kamba, katani iliyolowa, inakata. Nikavuta kutoa vidole, havitoki.

Nikawatazama wa kulia kwangu. Wawili nawafahamu, walikuwa wa grupu, marehemu wote. Wa mwisho kabisa alikuwa mzima! Mtu ninayekunywa naye chai kila Jumamosi! Yeye alikuwa bado hajaonekana vizuri, kama picha inayofunguka taratibu kwenye simu mtandao ukiwa mdogo. Sitamtaja.

Mbele yetu alisimama kipa. Kijana, mrefu, hana viatu, soksi zimefungwa kwa kamba ya mpira wa tyubu. Mgongo wake niliujua. Alikuwa anatazama ukungu, anainama, anainuka, anajaribu kuona. Kwa miaka yote nilieleza habari za mtu aliyesimama kwa maringo na kuvuta hatua ya kushoto. Huyu alikuwa kijana anayeogopa, anayetafuta mpira ambao haoni.

Ukasikika mguu unapiga mpira, huko ndani. Du!

Kimya. Mpira haupo. Haupo. Halafu ukatoka kwenye ukungu tayari umefika, mzito, umelowa, unakuja kulia. Koinet akaruka. Hakusogea, hakuupisha, aliruka mwili mzima, mkono wa kulia umenyooka, na akaugusa. Nilimwona akiugusa! Ncha za vidole. Mpira na vidole vikagonga mlingoti pamoja, nikasikia kitu kikivunjika, kama kijiti kikavu unapokanyaga, mara mbili. Mpira ukapita ukaja kwetu, kwa sababu hapakuwa na nyavu za kuuzuia. Aliyegongwa ni mimi. Nilikosa pumzi.

Kule mbali watu wakapiga ukelele.

Kipa akajiinua kwa magoti. Akageuka. Alikuwa ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na aliponitazama, hakuwa kijana tena na hakuwa mzee, sijui niseme vipi. Akauliza kwa sauti ile ile ya kwenye simu, taratibu:

"Sasa umesimama. Umeona nini?"

Aminieli ubavuni kwangu akaanza kuguna, na wale wengine wakaanza kuguna, wote pamoja, kama watu wanaotaka kusema na midomo imeshonwa. Kamba zikazidi kukaza. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vikaanza kuvutwa, vinapindishwa, nikapiga kelele. Na kipa hakukasirika. Aliuliza lile jingine.

"Mangi. Ulisimama wapi?"

Na nikasema. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tangu nikiwa mtoto nachapwa.

"Sikuwepo! Nilikuwa barabarani! Nilikuwa chini ya lori!"

Huo ndio ukweli, na sijawahi kumweleza mtu, hata mke wangu. Siku ile ya mechi Karatu nzima ilikwenda kiwanjani. Mimi tajiri niliyekuwa namfanyia kazi wakati huo alininyima ruhusa kwa sababu kulikuwa na lori la magunia ya ngano lenye pancha mbili. Nililala chini ya lori nikisikia kelele za uwanjani upande wa pili wa nyumba. Nilisikia ule ukelele wa mwisho. Watu walipotoka wamenuna, niliuliza kuna nini, mtu akasema Koinet ametuuza. Ndivyo nilivyojua. Wiki zilizofuata kila mwanamume wa Karatu akawa anaeleza alivyoona, na mimi mtu wa kuja, mchafu wa grisi, sina kwetu pale, sina ukoo, sina cha kueleza. Siku moja mteja akaniuliza, "Wewe dogo ulikuwepo?" Nikasema ndiyo. Akanikaribisha nikae naye kwenye benchi. Ndivyo nilivyopata kuwa mtu wa Karatu.

Nilipomaliza kupiga kelele zile nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi, nimeshika magugu. Injini ya pikapu inaunguruma hatua kumi nyuma yangu. Hapana goli, hapana majivu. Nyati wawili walikuwa wamesimama barabarani wananitazama. Nilitambaa mpaka garini, nakuambia ukweli, nilitambaa.

Sikurudi Karatu. Nilishuka mpaka Endulen, nikamtupia yule mteja tairi zake, nikauliza boma la Koinet. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje, amejifunika shuka, anachonga fimbo. Mzima. Nilitegemea kusikia msiba, kwa sababu visa vya namna hii ndivyo vinavyokwisha, sivyo? Hapana. Mzee alikuwa mzima anachonga fimbo.

"Sopa," nikamsalimia kwa Kimasai.

"Ipa. Kaa, Mangi. Unatetemeka."

Nikatazama mkono wake wa kulia, ulioshika kisu. Vidole viwili vya mwisho vimepinda kuingia ndani ya kiganja, vimekauka hivyo. Nikauliza vilivunjika lini. Akasema, "Wewe unajua lini. Hakuna mtu wa Karatu aliyewahi kuniuliza vidole. Waliniuliza nilipewa nini." Nikanyoosha wa kwangu. Vidole viwili, vile vile, vimepinda vile vile. Akavitazama kwa muda. Akavigusa kwa ncha ya kidole kama mtu anayepima mguu wa ndama aliyevunjika.

"Usije ukasema nimekuroga," akasema. "Mimi nimelala vizuri jana."

Nikamweleza yote. Lori, tajiri, benchi. Nikamwambia nilitaka tu kuwa mtu wa Karatu. Nilidhani atanipiga na ile fimbo, na ningekubali. Aliendelea kuchonga.

"Mimi nilikuwa mtu wa Karatu," akasema. "Nilikuwa na chumba, nilikuwa na kazi ya lindo, nilikuwa na mchumba Mwiraqw. Nilihama usiku. Hiyo nafasi uliyokalia ilikuwa yangu."

Nikamwomba anipeleke kunakoshika mtandao.

Tulipanda pamoja kile kilima cha mtandao, wazee wawili tukishikana. Nikampigia Tluway amrudishe Koinet kwenye grupu. Kisha nikabonyeza simu nikasema kwa sauti yangu: "Mimi Mangi. Siku ile sikusimama popote. Nilikuwa chini ya lori. Koinet aliugusa mpira na alivunjika vidole. Nilidanganya."

Halafu wakaanza. Mmoja: Mangi amelewa. Mwingine: Wamasai wamempa dawa huko. Mwingine: na sisi tuliokuwa naye nyuma ya goli tuseme nini? Tluway peke yake ndiye aliyetuma sauti: "Koinet, mzee wangu, tusamehe. Mimi nilisimama upande wa barabara, sikuona kitu, na nilinyamaza." Koinet akaisikiliza mara mbili. Akafuta macho na kona ya shuka, akageukia upande wa ng'ombe nisimwone.

Nilidhani imekwisha. Nilikuwa karibu kushukuru. Simu ikalia tena mkononi mwangu.

Namba ya Aminieli.

Maneno matatu tu: "Na mimi je?"

Nilimpigia binti yake palepale. Alikuwa kazini Mto wa Mbu. Akasema, "Baba, simu ya marehemu imezimwa, ipo kabatini, betri niliitoa tangu mwaka jana isivimbe." Nikamwomba aangalie jioni. Aliangalia. Imezimwa, betri imewekwa pembeni kwenye kikombe.

Sasa yapata mwaka. Vidole havijanyooka. Hospitali walipiga picha, wakasema ni mifupa iliyovunjika zamani sana, miaka na miaka, na kuunga vibaya. Daktari akaniuliza niliumia lini, nikamwambia kwenye mpira, akacheka. Spana siishiki tena kwa mkono wa kulia, vijana wangu ndio wanaofunga nati. Koinet anakuja Karatu siku za mnada, anakaa kwenye benchi langu, watu wanamsalimia. Hilo limepona. Lakini lile jingine halijapona. Ukungu ukishuka mpaka mjini, asubuhi za Juni na Julai, simu inalia, na ni namba ile, na ni maneno yale yale. Wote kwenye grupu wanayaona. Wengine wamejitoa kwa hofu. Tluway ameifuta namba mara mbili, na imerudi mara mbili bila mtu kuiunga.

Utaniuliza, kwa nini usimsemee? Sema tu, Aminieli naye hakuwepo, muachieni. Nilijaribu. Wanawe walinijia juu dukani, wakasema namchafua baba yao kaburini, hatusalimiani mpaka leo. Na zaidi ya hilo, kuna sheria ya Tluway, kila mtu anajisemea alisimama wapi. Zamani niliiona ya mchezo. Siku hizi najua si Tluway aliyeitunga.

Na hata nikitaka kuivunja, nitasema nini? Sijui alisimama wapi. Miaka yote ile, kanisani, kilabuni, msibani, sikumwuliza hata mara moja, kwa sababu ningemwuliza angeniuliza na mimi. Labda alikuwa karakanani. Labda alikuwa anaumwa. Kila mmoja wetu aliamini mwenzake ndiye aliyekuwepo.

Basi wewe unayesoma, mwenye grupu lako la timu yako, unayeapa kila siku uliona hiki na kile, ulikuwa jukwaani, ulimwona fulani kwa macho yako. Kama ulikuwa chini ya lori, sema ulikuwa chini ya lori. Sema leo, ungali na ulimi. Yule mzima niliyemwona mwisho wa mstari nilimwambia hivyo hivyo, akacheka, akaniambia Mangi umezeeka.

Jana asubuhi ukungu ulishuka. Nilimwona yule mzima akipita mbele ya duka na mikono mfukoni. Nilimwita nikamwambia anionyeshe vidole. Hakutaka kuitoa mikono mfukoni.